Wasomaji Wauliza: Ahadi ya kocha, saa ya miaka 5 na alama za darasa la 9

Safu hii inajibu barua zilizotufikia kuhusu futiboli ya vyuo vya Marekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Sheria tunazozitaja ni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hasa Divisheni I, yaani ngazi yake ya juu, kama zilivyotumika mwaka wa masomo wa 2025-26. Divisheni nyingine zikitofautiana, tumesema.

Mwanangu yuko darasa la 11. Vyuo viwili vimempa ofa kwa mdomo, na kocha mmoja ametuambia, "Nafasi yake ipo, msiwe na wasiwasi." Tuache kuhangaika kwingine? – Mama wa kwotabeki (mrusha mpira anayeongoza mashambulizi), Ohio

Msiache, mama. Ofa ya mdomo haimfungi kocha wala haimfungi mtoto. Hata kijana akitangaza mtandaoni kwamba ameshachagua chuo, na watu elfu wakampongeza, tangazo hilo halina nguvu yoyote kisheria.

Karatasi ya kwanza yenye uzito ni ofa ya maandishi, ambayo chuo kinaruhusiwa kuitoa kuanzia Agosti 1, mtoto anapoingia darasa la 12, la mwisho la sekondari. Nayo bado ni ofa tu. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili, unaotiwa saini katika vipindi maalumu. Futiboli ina viwili: cha mapema, siku 3 mwanzoni mwa Desemba (mwaka 2025 kilikuwa Desemba 3 hadi 5), na cha kawaida kinachoanza Jumatano ya kwanza ya Februari (mwaka 2026, Februari 4). Kile cha Desemba kilianzishwa 2017, na tangu hapo vyuo vikubwa humaliza humo sehemu kubwa ya kazi. Anayesubiri Februari ajue anagombania nafasi zilizobaki.

Kama bado mnaulizia ile "barua ya taifa ya nia" iliyosainiwa na vizazi vya wachezaji tangu 1964, ilifutwa Oktoba 2024. Kazi yake sasa inafanywa na mkataba wa ufadhili wenyewe: ukishasainiwa, vyuo vingine haviruhusiwi kuendelea kumfuata mtoto. Kabla ya saini, someni mambo matatu. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au zaidi? Unalipia nini hasa kati ya ada, chumba, chakula, vitabu na matumizi mengine? Na mkataba ni wa nani? Jibu la hilo la tatu ni moja siku zote: ni wa chuo. Kocha aliyewakalia sebuleni akifukuzwa wiki ijayo, saini ya mtoto inabaki palepale.

Kwa nini makocha hurudi nyuma? Mara nyingi ni hesabu. Zamani timu za ngazi ya juu ziliruhusiwa kutoa ufadhili kwa wachezaji 85, lakini waliojiunga kwa gharama zao wangeweza kuongezwa juu ya hao. Mnamo Juni 6, 2025 mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA kuhusu malipo, na vyuo vilivyoikubali sasa vina kikomo cha wachezaji 105 katika kikosi kizima. Wote 105 wanaweza kupewa ufadhili, ila wa 106 hana mahali pa kukaa. Juu ya hapo kocha anaweza kuijaza nafasi ya kijana wa miaka 18 kwa mtu wa miaka 21 anayehama kutoka chuo kingine, mwenye mechi 25 mwilini.

Kwa hiyo muulizeni kocha bila kuzunguka: "Akisema ndiyo leo, mtaipokea?" Ofa nyingi za darasa la 10 na 11 zinapwaya hapo. Kisha muulizeni anatafuta makwotabeki wangapi mwaka huo na wangapi wameshakubali. Anayewataka kweli atataja namba. Akianza kuwasifia uwanja na chumba cha mazoezi, mmeshapata jibu.

Kijana wangu wa darasa la 10 amewaandikia makocha zaidi ya 30. Hakuna aliyemjibu, ila tunaletewa vipeperushi vya kambi kila wiki. Hana kipaji? – Baba, Minnesota

Kimya hicho ni cha sheria, baba. Makocha wa futiboli wa Divisheni I hawaruhusiwi kumtumia mchezaji ujumbe binafsi kabla ya Septemba 1 ya darasa la 11. Kabla ya tarehe hiyo wanaweza kutuma dodoso la kujaza na matangazo ya kambi basi. Divisheni II hufungua mlango mapema kidogo, Juni 15 kabla ya darasa la 11 kuanza. Vipeperushi vya kambi visiwapandishe wala kuwashusha moyo: hutumwa kwa wingi, na kambi ni ya kulipia.

Ziara ni za aina mbili. Ile mnayojilipia inaruhusiwa mapema, isipokuwa wakati wa kipindi cha kufunga. Ile inayolipiwa na chuo huanza Aprili 1 ya darasa la 11. Haizidi usiku 2, na kila chuo kinaruhusiwa kumwalika mtoto mara moja, ila idadi ya vyuo haina kikomo tangu Julai 2023. Kalenda ya makocha nayo imegawanywa: kuna wakati wa kuja nyumbani na shuleni kuzungumza nanyi, wakati wa kuja kutazama mazoezi bila mazungumzo, wakati wa kuonana chuoni kwao tu, na wakati wa kufunga ambapo hawaruhusiwi kuonana nanyi ana kwa ana popote. Katika kipindi cha kufunga simu na ujumbe haviharamishwi kwa wale waliofikia tarehe zao, kwa hiyo msione ajabu kocha akipiga simu lakini akakataa kuja.

Kwa sasa aendelee kutuma. Video iwe ya dakika 3 hadi 5, matukio bora yakae mwanzo kabisa, na kabla ya kila tukio pawe na alama inayoonyesha yeye ni nani kati ya watu 22. Muziki hauna faida. Urefu na uzito uandikwe wa kweli, kwa maana kocha atampima siku ya kwanza akifika. Nakala ya matokeo ya shule iambatane na video, na hapo tunaingia kwenye barua inayofuata.

Ripoti ya shule inaonyesha mwanangu ana wastani wa 2.9. Mshauri wa masomo anasema huenda asifikie hata 2.3 ya NCAA. Inawezekanaje? – Mzazi mwenye kizunguzungu, Texas

Inawezekana kabisa, kwa sababu NCAA haiangalii ripoti yote. Inahesabu masomo 16 ya msingi tu: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3, kuanzia aljebra ya kwanza kwenda juu, sayansi miaka 2, mmoja wa maabara kama shule inayo, mwaka 1 wa ziada katika mojawapo ya hayo matatu, sayansi ya jamii miaka 2, na miaka 4 mingine kutoka hayo hayo, au lugha ya kigeni, au falsafa na dini linganishi. Mazoezi ya viungo, uchoraji, kwaya na upishi vinapamba ripoti ya shule, lakini huku havimo. Alama za jumlisha na kutoa pia hazihesabiwi: B yenye jumlisha ni pointi 3 sawa na B yenye kutoa, na C yenye jumlisha ni 2.

Kuna na mtego wa pili. Kati ya masomo 16, ni lazima 10 yawe yamekwisha kabla ya kuanza darasa la 12, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo 10 hufungwa. Kurudia somo darasa la 12 ili kufuta D ya darasa la 9 hakusaidii tena.

Chukua kalamu. Tuseme kijana anaingia darasa la 12 akiwa na masomo 10: A 1, B 2, C 3 na D 4. Pointi zake ni 4 + 6 + 6 + 4, yaani 20. Ili apate wastani wa 2.3 katika masomo 16 anahitaji 16 × 2.3 = 36.8. Zimebaki pointi 16.8 za kutafutwa katika masomo 6. Akipata B 5 na C 1 ana 17, jumla 37, wastani 2.31: amepita. Akipata B 4 na C 2 ana 16, jumla 36, wastani 2.25: amekosa. C moja ya mwisho ndiyo iliyoamua, ila zile D 4 za darasa la 9 na la 10 ndizo zilizomfikisha ukingoni.

Mwenye 2.25 hajafukuzwa duniani. Divisheni II inadai 2.2 na haina ile sheria ya kufunga masomo 10. Na ndani ya Divisheni I, mwenye masomo yote 16 na wastani kati ya 2.0 na 2.299 anaweza kupewa ufadhili na kufanya mazoezi, ila mwaka wa kwanza hachezi mechi. Mitihani ya SAT na ACT ya kuombea chuo haitakiwi tena na NCAA tangu Januari 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuiomba.

Mambo yanayozikwaza familia zetu hasa: madarasa ya Kiingereza ya wageni, yale ya ngazi za mwanzo, hayahesabiwi kuwa miaka ya Kiingereza. Hisabati ya maandalizi kabla ya aljebra haihesabiwi. Masomo ya kufidia yanayofanywa haraka kwa kompyuta, bila mwalimu anayefundisha na kusahihisha, hukataliwa mara kwa mara, hata kama shule imeyakubali kwa cheti chake. Kila sekondari ina orodha yake ya masomo yaliyoidhinishwa na NCAA. Iombeni darasa la 9, siku ya kuchagua masomo, na mlinganishe jina la somo neno kwa neno.

Akaunti katika Kituo cha Ustahiki cha NCAA ifunguliwe darasa la 9 au la 10. Mwisho wa darasa la 11 shule itume matokeo ya mpaka hapo. Kuanzia Aprili 1 ya darasa la 12 mtoto mwenyewe anaingia kwenye akaunti kuomba uthibitisho wa mwisho kuhusu hadhi yake ya ridhaa, yaani kwamba si mchezaji wa kulipwa. Baada ya mahafali, shule itume matokeo ya mwisho yenye tarehe ya kuhitimu. Hilo la mwisho husahaulika kwa sababu Juni ofisi za shule zimefungwa na kila mtu yuko likizo. Na kama alisoma sekondari mbili, kila moja itume zake.

Mdogo wangu alicheza mechi 3 mwaka wa kwanza. Amebakiza miaka mingapi? Na mwenzake aliyeanzia chuo cha jamii je? – Kaka mtu, Arizona

Divisheni I inatoa misimu 4 ya kucheza ndani ya miaka 5. Hiyo miaka 5 ni saa ya ukutani: huanza siku mwanafunzi anapojiandikisha kwa muda wote, kwa kawaida krediti 12, katika chuo chochote, hata cha jamii (kile cha miaka 2), hata cha nje ya Marekani, acheze asicheze. Ikishaanza haisimami kwa sababu ya uvivu, mapenzi wala kubadilisha chuo. Utumishi jeshini na kazi ya umisionari ya kanisa ni miongoni mwa sababu chache zinazoisimamisha.

Tangu 2018 mchezaji anaweza kucheza hadi mechi 4 za msimu na bado akauhifadhi msimu huo. Hilo ndilo wanaloliita "shati jekundu". Mdogo wako amecheza 3, kwa hiyo ana misimu 4 na saa iliyobakiza miaka 4. Angecheza 5, msimu ungekwenda. Kuingia uwanjani kwa pigo moja tu la kuanzisha mpira ni mechi nzima, hakuna nusu. Ndiyo maana Novemba utaona kinda anayeng'ara akirudishwa benchi ghafla: kocha anahesabu.

Jeraha lina njia yake. Likitokea kabla ya nusu ya pili ya msimu, mchezaji akiwa hajazidi asilimia 30 ya mechi, na daktari akiandika kwamba hawezi kurudi msimu huo, chuo kinaweza kuomba msimu urudishwe. Karatasi za hospitali ziwe za wakati uleule wa jeraha. Barua iliyoandikwa miezi minane baadaye haibebi uzito. Mwaka wa 6 ni ombi jingine, na msingi wake ni misimu miwili iliyopotea kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake.

Kuhusu chuo cha jamii, kanuni ya zamani ilihesabu misimu yake kama ya NCAA. Desemba 2024 jaji wa shirikisho huko Tennessee alimruhusu kwotabeki Diego Pavia wa Vanderbilt kucheza 2025, na NCAA ikatoa msamaha wa mwaka mmoja kwa walio katika hali kama yake. Msamaha huo ulikuwa wa 2025-26. Mtu asipange maisha ya mbele juu yake bila kuiuliza kwanza ofisi ya uzingatiaji sheria ya chuo anachokwenda.

Jambo dogo hapa: kocha akimwomba kijana asubiri kujiunga mpaka Januari, wanaita "shati la kijivu", kijana asijiandikishe krediti 12 mahali pengine ili kupitisha muda. Saa itaanza kukatika bila timu.

Tumehamia Marekani mwaka jana. Mwanangu alikuwa ameshaanza sekondari, shule ikamrudisha darasa la 9. Inamwathiri? – Mama, Kentucky

Ndiyo, na ni vyema mmeuliza mapema. Divisheni I inahesabu miaka 4 tangu alipoanza mwaka unaolingana na darasa la 9, popote duniani. Kama mwaka huo aliuanza kabla ya kuhama, saa ya masomo ya msingi ilianza kule, si Kentucky. Akihitimu baada ya muda huo, masomo ya mwaka uliozidi yanaweza yasihesabiwe, ukiacha nafasi ndogo ya somo moja la ziada kwa aliyehitimu kwa wakati. Tafuteni sasa matokeo ya kila mwaka aliosoma kabla ya kuja, ya lugha halisi pamoja na tafsiri iliyothibitishwa. Mengi ya masomo hayo yanaweza kumsaidia: hisabati na sayansi za kule huingia katika yale 16.

Asipumzike zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu. Baada ya mwaka huo, kucheza mashindano yaliyopangwa kabla ya kuingia chuo kunamla msimu.

Fedha ni suala tofauti. Tangu Julai 1, 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao, na tangu Julai 1, 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Mkataba wa nje wa dola 600 au zaidi lazima uripotiwe. Lakini mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, ana vizuizi vya kazi ambavyo NCAA haiwezi kumwondolea. Asisaini tangazo la hata duka la jirani kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na mwanasheria wa uhamiaji. Akikosea hapo, kinachopotea ni ruhusa ya kuishi nchini.

Nataka kuhama chuo. Marafiki wanasema sasa unahama unavyotaka. – Mkimbiza mpira, mwaka wa pili

Tangu Aprili 2024 anayefanya vizuri darasani anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu. Ila dirisha la futiboli limebaki moja. Lile la Aprili limefutwa. La mwaka 2026 lilikuwa Januari 2 hadi 16. Unaiandikia ofisi ya uzingatiaji ya chuo chako, nayo ina siku 2 za kazi kuliingiza jina lako kwenye portali, yaani orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama. Jina likishaingia, chuo chako kina haki ya kutokurudishia ufadhili muhula ukiisha. Wengi huingia wakidhani wanapima soko, na soko linawapima wao.

Kinachowaangusha wahamaji ni krediti. Mwisho wa mwaka wa pili lazima uwe umemaliza asilimia 40 ya digrii yako, wa tatu 60, wa nne 80, na asilimia hizo ni za digrii ya chuo kipya. Ukiwa na krediti 54 na kozi mpya ya krediti 120 ikakubali 42 tu, una asilimia 35 na huchezi. Omba tathmini ya krediti kwa maandishi kabla hujasema ndiyo. Na muhula wa vuli, unaoisha Desemba, umalize na krediti 9 angalau. Mchezaji wa futiboli anayeshindwa hukosa mechi 4 za mwanzo wa msimu unaofuata.

Naweza kwenda NFL, ligi ya kulipwa, baada ya mwaka mmoja nikiwa bora kuliko wote?

Hapana. Lazima miaka 3 ipite tangu darasa lako lilipohitimu sekondari. Maurice Clarett wa Ohio State aliipinga kanuni hiyo mahakamani, akashindwa katika rufaa 2004.

Kijana wangu anatumia unga wa kuongeza misuli wa dukani. Una shida?

Unaweza kuwa nayo. Virutubisho haviuzwi kwa kupimwa kwanza na serikali, na kopo linaweza kuwa na kitu kisichoandikwa kwenye lebo. NCAA haipokei utetezi wa "sikujua": kupatikana na dawa ya kuongeza nguvu kwa mara ya kwanza kunamweka nje mwaka mzima na kumpotezea msimu mmoja kati ya ile 4. Apige picha lebo pande zote, amtumie mtaalamu wa tiba wa timu, na kopo lisifunguliwe mpaka jibu la maandishi lirudi.